Julai ni mwezi wa nyumba

Katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania baridi ya Julai haihitaji kutangazwa redioni. Kufikia Sabasaba watu wa Njombe wameshatoa makoti mazito kabatini, watoto wanakwenda shule huku mvuke ukiwatoka mdomoni, na pale stendi anayeshuka kwenye basi la Dar es Salaam hutambulika kwa jinsi anavyojikunyata. Hata maongezi ya njiani yanabadilika. Baada ya "kamwene" na majibu yake linafuata suala la baridi ya usiku uliopita, ndipo watu wanaulizana habari za watoto.

Wageni wengi hutuhurumia mwezi huu, na wenyeji wengi hulalamika. Mimi nimezaliwa kwenye milima hii na ninauona mwezi wa Julai kwa jicho jingine. Ndio mwezi ambao nyumba inawapata watu wake. Sehemu kubwa ya mwaka shamba linatumeza: tunaondoka alfajiri, tunarudi giza limeingia, tunakula, tunalala. Kipupwe kikifika shamba linalegeza kamba, na baridi inatusukuma sote jikoni. Yanayofanyika humo kati ya magharibi na saa nne usiku, yaani kupukuchua mahindi, kufuma, kuchonga, kudarizi, kuloweka maharage ya kesho, kusimuliana, ni kazi halisi na furaha halisi. Tumeyazoea mno hata hatuyapi heshima yanayostahili, na wala hatuyatengei muda. Hilo ndilo linalonisukuma kuandika.

Nianze na baridi yenyewe. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa kipupwe kwa miezi ya Juni, Julai na Agosti. Huo ndio wakati upepo wa kusi unavuma kutoka pande za kusini za Bahari ya Hindi, ambako ni majira ya baridi wakati Ulaya wanafurahia jua. Mji wa Njombe uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo, upande wa Makete, unapita mita 2,600. Usiku wa Julai mara nyingi hauna mawingu, kwa hiyo joto ambalo ardhi ililipata mchana kutwa hupotelea angani. Hewa iliyopoa ni nzito, huteremka na kutuama mabondeni. Ndiyo sababu asubuhi unaweza kukuta sakitu nyeupe juu ya majani ya viazi vya bondeni, na viazi vya mteremkoni, hatua chache tu juu yake, vimesalimika. Mkulima wa huku hahitaji kipimajoto kulijua hilo. Anajua ni kipande kipi cha shamba lake cha kuogopea mwezi huu.

Kazi ya kwanza ya Julai ni mahindi. Kwetu hukauka polepole shambani, na mengi huingia nyumbani kati ya Juni na Agosti. Siku hizi zipo mashine za kupukuchulia zinazozunguka vijijini, na kwa mwenye magunia mengi mashine ni mkombozi. Sioni sababu ya mtu kuumiza mikono kwa magunia 30. Lakini mahindi ya mbegu na yale ya kula karibuni, nyumba nyingi bado zinayapukuchua kwa mkono, jioni, kuzunguka moto. Unalishika hindi kwa mkono wa kushoto, unang'oa mstari mmoja wa punje kwa kidole gumba, na ukishafungua njia hiyo mistari inayofuata inaangushwa kwa kiganja, au kwa kusugua na gunzi lililokwisha kupukuchuliwa. Punje zinadondoka kwenye ungo. Kidole gumba kinauma siku za mwanzo, kisha kinazoea. Magunzi hayatupwi, yanaingia motoni. Yanashika haraka, na makaa yake yanafaa kabisa kuchomea viazi.

Mtoto anayepukuchua mahindi amekaa mahali pazuri pa kusikilizia, kwa sababu mikono ina kazi na masikio yapo huru. Mimi hapo ndipo nilipojifunza majina ya mababu zangu, mpaka wa shamba letu na wa jirani unapopita, nani ni shangazi kwa damu na nani ni shangazi kwa heshima, na ni mwaka gani njaa iliwafanya watu wavuke milima kutafuta mbegu. Hakuna aliyenikalisha chini kunifundisha. Bibi alikuwa anaongea na mama, na mimi nilikuwepo. Leo wazazi wanauliza kwa nini watoto hawajui lugha ya nyumbani wala ukoo wao. Nawaelewa, ila nawauliza na mimi: ni saa ngapi ambapo mtoto huyo anakaa karibu na wakubwa bila mtu kushika simu, bila mtu kuwahi mahali?

Katika kazi zote za kipupwe, ninayoipenda zaidi ni sweta. Mitumba ya baridi hujaa kwenye masoko yetu msimu huu, na mama anayeijua kazi yake hachagui sweta kwa rangi tu. Analigeuza ndani nje na kukagua mishono. Akikuta kingo zimekatwa kwa mkasi na kufungwa kwa ovaloki analirudisha, maana akilifumua atapata vipande vifupi vya uzi visivyofaa kitu. Akikuta kipande cha mbele, cha nyuma na mikono vimefumwa kila kimoja kwa umbo lake kisha vikaunganishwa kwa uzi, analinunua hata kama kiwiko kimetoboka. Nyumbani anafungua mishono kwa wembe, taratibu, na kuanza kufumua kutokea shingoni, kwa kuwa masweta mengi hufumwa kutoka chini kwenda juu na huachia vizuri yakivutwa kutoka mwisho. Uzi unatoka umejikunjakunja. Anauzungushia mgongo wa kiti, anaufunga sehemu tatu au nne usivurugike, anauloweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, halafu anauning'iniza kivulini na kuufungia kijiwe kwa chini ili unyooke. Ukikauka anauviringa donge. Sweta moja la mtu mzima kutoka ng'ambo linaweza kutoa sweta la mtoto wa darasa la kwanza na kofia yake, na mara nyingine uzi ukabaki wa soksi za mtoto mchanga.

Mtu atauliza kwa nini asinunue tu sweta dogo lililo tayari. Anaweza, na wengi wananunua, na mtoto haumwi. Ila sweta lililofumwa nyumbani limepimwa kwenye mgongo wa mtoto mwenyewe. Mikono yake inaachwa mirefu ili ikunjwe mwaka huu na kukunjuliwa mwaka kesho. Shingo inaweza kupandishwa kwa mtoto mwenye kifua. Kama uzi ni wa sufu, nyuzi zake zinanasa hewa katikati, na hewa hiyo ndiyo inayozuia joto la mwili lisitoke; hata ukungu ukiulowesha kidogo, bado unatia joto. Yapo pia yale ambayo mfumaji mwenyewe anayapata. Mwanamke aliyezunguka mchana kutwa akikaa na sindano mbili na donge la uzi, akahesabu macho, akarudia mstari, akaona kitu kinakua mikononi mwake, moyo wake unatulia. Nimewaona akina mama wenye huzuni nzito, wenye msiba nyumbani, wakiokota sindano zao baada ya siku kadhaa na kuanza kupumua tena. Hilo halihitaji kuthibitishwa na mtu wa mbali.

Sikubaliani na wanaodharau vitambaa. Wapo wanaosema vitambaa vya makochi vya kroshia, foronya zilizodariziwa "Lala Salama" au "Usiku Mwema", na mashuka yenye maua pembeni ni mambo yaliyopitwa na wakati. Waingie kwenye nyumba ya tofali za udongo yenye meza moja na viti vinne, waone kitambaa cheupe kilichofuliwa na kupigwa pasi kimetandikwa juu ya meza hiyo. Mwenye nyumba hana fedha ya kununua urembo, kwa hiyo ameutengeneza mwenyewe, jioni baada ya jioni, kwa nyuzi za kudarizi alizochagua kwa kusitasita mbele ya duka. Kipupwe ndicho kilichompa muda. Uzuri wa nyumbani ni haki ya maskini vilevile, na ukitengenezwa kwa mkono haudaiwi na mtu.

Jirani zetu wa Iringa wamekwenda mbali zaidi. Wanawake wa Kihehe wanafuma vikapu vya milulu, majani yanayoota kwenye maeneo oevu, na leo vikapu hivyo vinauzwa mpaka Ulaya na Marekani. Nafurahi kwa kila shilingi inayowarudia. Nina wasiwasi mmoja tu, kwamba tumeanza kuithamini kazi ya mikono pale tu mgeni anapoitolea bei. Kikapu kinachobeba unga jikoni kwa mama kina thamani ileile kabla hakijapigwa picha.

Wanaume pia wana sehemu yao, na hapa nasema kwa msisitizo. Baba yangu alikuwa mkulima wa viazi na miwati. Julai ilikuwa mwezi wake wa mipini, kwa sababu mvua za Novemba zikikukuta jembe halina mpini umechelewa. Alikaa upande wa mlangoni mwa jiko, akachonga mipini ya majembe na mashoka, miko ya mama, na vigoda. Alikwangua mbao kwa kipande cha chupa mpaka ikawa laini, akaipaka mafuta, akanipa niisugue kwa kitambaa. Hakuwa seremala wala hakuuza chochote. Aliona kwamba nyumba yenye baridi inamhitaji mwanamume ndani yake, akiwa na kitu mkononi, akiongea. Siku hizi jioni za kipupwe wanaume wengi wanazimalizia kilabuni kwenye komoni. Mtu kukutana na wenzake ni jambo jema, na baridi ni kisingizio kinachoeleweka. Lakini mtoto wa kiume asiyemwona baba yake akitengeneza kitu nyumbani anakua akiamini kwamba nyumba ni ya mama, na akioa anaiendeleza imani hiyo. Kijana anayejua kushona kifungo, kuziba pengo la dirisha na kupika maharage yakaiva hapungukiwi uanaume wowote.

Na maharage ya huku yanahitaji mtu anayejua. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100, lakini kwenye mwinuko wa Njombe yanachemka karibu na nyuzi 93. Kwa hiyo hata ukichochea kuni mpaka zingurume, maharage yanapikwa kwenye maji yasiyo moto kama ya Tanga, na yanachukua muda mrefu zaidi. Ndiyo maana tunaloweka usiku kucha. Ndiyo maana pia makande hubandikwa mchana yaliwe usiku, na chungu cha udongo kinapendwa kwa sababu kikishapata joto kinalishikilia. Vyungu vizuri vinatoka kwa wanawake wa Kikisi, mafundi wa ufinyanzi wa pwani ya Ziwa Nyasa, kule Ikombe, ambao huvileta kwa mitumbwi mpaka Matema kuviuza. Ukipika makande kwenye chungu cha aina hiyo, ukatia kitunguu mwishoni na parachichi pembeni ya sahani, umekula chakula cha Julai. Watoto hawasubiri chungu. Wao wamezika viazi mviringo kwenye majivu ya moto, wanavitoa vimeungua ngozi, wanavipasua kwa mikono inayoruka kwa joto, wanatia chumvi.

Asubuhi nayo ina raha zake. Mwezi huu jua linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta wa nyumba unaotazama kaskazini ndio wenye joto, na kufikia saa nne bibi zetu wote wamekaa hapo wanaota jua, miguu imenyooshwa. Magodoro na mablanketi yanaanikwa. Mama anawaita watoto mmoja mmoja kuwapaka mafuta, maana hewa ya kipupwe ni kavu na inapasua midomo, na visigino vya watu wazima vinafanya magaga. Ni dakika chache tu kwa kila mtoto: uso, mikono, magoti. Sijui tiba ya baridi iliyo bora kuliko kushikwa usoni na mama kila asubuhi.

Yupo atakayeona kuwa haya yote ni mambo matamu ya kusimulia na kwamba nchi ina shida kubwa zaidi. Nimjibu kwa takwimu moja inayoniumiza. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 57 hivi ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, na Njombe ni asilimia 50. Wastani wa taifa ni asilimia 30. Hii ni mikoa ya chakula! Hii ndiyo mikoa inayolisha miji kwa mahindi, viazi, maharage, njegere na parachichi. Sababu za udumavu ni nyingi, zikiwamo magonjwa ya mara kwa mara, maji yasiyo salama na lishe ya mama mjamzito. Lakini mojawapo ya zinazotajwa kila mara ni kwamba mama hana muda. Mtoto wa kati ya miezi tisa na miaka miwili anatakiwa kulishwa mara tatu au nne kwa siku, chakula kilichochanganywa, huku akiendelea kunyonya. Mama aliyeko shambani kutoka alfajiri hadi jioni anamlisha mara mbili, uji mweupe, basi.

Kwa hiyo ninapotetea muda wa nyumbani natetea jambo ambalo linapimwa kwa urefu wa watoto wetu. Julai ndiyo nafasi ya kuanza. Chakula kipo ghalani, parachichi zipo, maharage mapya yapo, mama yupo karibu zaidi na nyumbani. Uji wa ulezi uliotiwa maziwa, au viazi vilivyopondwa pamoja na parachichi na maharage yaliyotolewa maganda, ni chakula kisichohitaji fedha za ziada kwa familia nyingi za huku. Kinahitaji mtu wa kukaa na mtoto na kijiko mpaka amalize, na mtu huyo anaweza kuwa baba. Kama mwezi mmoja wa kipupwe ukiijengea nyumba mazoea ya kumlisha mtoto mara nne, mazoea hayo yana nafasi ya kuvuka mpaka msimu wa kulima.

Sasa moto. Hapa lazima niwe mkali, kwa kuwa kila kipupwe tunazika watu. Jiko la mkaa linaloingizwa chumbani na mlango ukafungwa linatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Inashikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo mwili unakosa hewa huku mtu akidhani ni usingizi mtamu wa joto. Mkaa usiotoa moshi bado unaitoa. Uliofifia ukabaki mwekundu bado unaitoa. Hakuna kulala na jiko la mkaa chumbani, hata kidogo, hata kama mtoto ni mchanga na baridi inauma. Jaza chupa maji ya moto, izungushie kitambaa, iweke miguuni mwa kitanda. Ziba chini ya mlango wa chumba cha kulala kwa nguo iliyoviringwa. Mvike mtoto soksi na kofia, na alale karibu na mama yake. Moto ubaki jikoni, na jiko liwe na dirisha lililo wazi.

Nina jambo la kuwaambia pia watunga sera. Mwaka 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Ni lengo jema. Moshi wa jikoni umeharibu macho na vifua vya mama zetu, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Lakini mkakati unazungumzia kupika, na kwenye milima hii moto una kazi mbili. Mtungi wa gesi unaivisha chai kwa dakika chache kisha unazimwa, na nyumba inabaki na baridi yake. Kwa hiyo mama mwenye gesi anawasha mkaa wa kuota, na moshi tuliodhani umeondoka umerudi kwa mlango wa nyuma. Tusipoiona Julai ya Makete, tutahesabu mitungi iliyogawiwa na kushangaa kwa nini kuni bado zinakatwa.

Sehemu ya jibu iko kwenye nyumba zenyewe. Bati hupoteza joto haraka mara jua linapozama, na nyumba nyingi zina uwazi mkubwa kati ya ukuta na paa na hazina dari. Jiko banifu lenye bomba la kutolea moshi nje, dari hata ya mbao za paini ambazo mkoa huu unazo kwa wingi, pazia zito la blanketi kuukuu mlangoni, vyote ni ufundi wa kawaida unaowezekana hapa hapa. Fundi wa kijiji akifundishwa kujenga jiko hilo vizuri, familia itaota moto na itapumua. Ningependa kuona halmashauri zetu zikiiweka kazi hii kwenye mikopo ya asilimia 10 inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, sambamba na bodaboda na kuku.

Shuleni nako kuna nafasi imefunguka. Wenye umri wangu wanakumbuka Sayansikimu, somo lililofundisha upishi, ushonaji na malezi, na ambalo kwa bahati mbaya lilionekana kuwa la wasichana. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shule zisitenganishe akili na mikono. Sera ya Elimu toleo la 2023 imerudisha hoja hiyo kwa njia yake, kwa kuanzisha mkondo wa amali katika sekondari. Nashauri kwamba katika mikoa yetu amali hizo zisiishie kwenye uashi, umeme na mashine. Ufumaji wa sweta, ufinyanzi, vikapu, uhifadhi wa chakula na ujenzi wa majiko ni amali. Wavulana nao wafundishwe kufuma. Mabibi wanaojua kazi hizi bado wapo hai, wako umbali wa kutembea kutoka shuleni, na wengi wangekuja bure kwa kualikwa tu kwa heshima na kupewa kiti karibu na moto.

Mwezi huu ukiisha yanakuja maonyesho ya Nanenane, na kanda yetu itakusanyika Mbeya, viwanja vya John Mwakangale. Kila mwaka tunaona matrekta, mbegu, mbolea, ng'ombe wa maziwa. Nawaomba waandaaji wa mikoa ya nyanda za juu kusini watenge banda moja kubwa la nyumba ya kipupwe. Liwe na jiko banifu linalowaka, chungu cha Kikisi chenye maharage, uji wa mtoto unaopikwa na kuonjwa, sweta linalofumuliwa na jingine linalofumwa, na mzee anayechonga mpini. Wenye ujuzi wakae humo kama wataalamu, wavae beji kama maafisa ugani, na walipwe posho kama maafisa ugani. Mgeni akiuliza bei aambiwe bei. Akiuliza namna ya kutengeneza, apewe kigoda akae, na sindano ashike.